Dawa za kila siku zimekushinda bei? Anzia hapa kabla hujaanza kuomba michango

Ukiwa na ugonjwa wa kukaa nao, kisukari, presha, figo, kifafa, pumu, saratani ya damu, yaani zile ambazo dokta anakwambia "hii utameza maisha", hela ya dawa inakuwa kama kodi ya nyumba, ukilipa leo mwezi ukiisha iko palepale mlangoni. Ndo maana kutafuta msaada wa dawa hizi hakufanani kabisa na kutafuta msaada wa operesheni. Operesheni watu wanachanga mara moja imeisha. Dawa, mwezi wa kwanza watachanga, wa pili watachanga, wa tatu simu hazipokelewi, na wala huwezi kuwalaumu maana na wao wana yao.

Kwa hiyo mpangilio wangu mimi ni huu: punguza bili kwanza, halafu tafuta nani kazi yake ni kuilipa, watu binafsi wawe mwisho kabisa. Wengi tunaanzia huko mwisho. Mimi na mama yangu tulianzia huko huko, tukazunguka karibu miaka miwili, ndo maana naandika kwa kirefu, mnivumilie.

HATUA YA 1: Mwambie dokta ukweli kuhusu hela

Hapa ndo pagumu kuliko fomu zote utakazojaza. Mama alikuwa na dawa mbili za presha, akawa anameza leo anaruka kesho ili kikopo kifike mwisho wa mwezi. Kliniki akiulizwa "mama, dawa unameza vizuri?" anajibu "vizuri tu mwanangu". Presha haishuki. Sasa dokta wa watu afanyeje? Anaona dawa haifanyi kazi, akapandisha dozi, haikushuka, akaongeza dawa ya tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa ghali kuliko zile mbili ukizijumlisha. Yaani tumeficha kwamba hatuna hela tukaongezewa bili. Siku nilipoingia naye chumbani nikasema mwenyewe, yule dokta alimwangalia mama, akachukua kalamu akapiga mstari juu ya ile ya tatu, na moja ya zile za mwanzo akaibadilisha pia, dakika tano hazikufika. Miezi yote ile tungekuwa tumeshapumua.

Ukiingia usiseme "dawa ni ghali" ukanyamaza, hiyo kila mgonjwa anasema na haimsaidii kufanya lolote. Sema hivi: "Dokta, kwa mwezi naweza kutoa kiasi hiki tu. Kipi tunaweza kubadilisha, na kipi hakiguswi?" Taja kiasi chako kabisa.

Hilo la "kipi hakiguswi" usilisahau. Kuna dawa ukikatisha ghafla zinakugeuka. Za kifafa ukiacha, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kugoma kukata. Prednisolone na ndugu zake, zile dawa za steroidi, ukizitumia muda mrefu haziachwi siku moja, zinashushwa taratibu. Baadhi ya dawa za moyo na presha, kama propranolol, atenolol na clonidine, nazo hivyo hivyo. Aliyepandikizwa figo akiruka dawa anaweza kuipoteza figo yenyewe. So kama mwezi huu hela inatosha dawa tatu kati ya tano, ipi ibaki anachagua dokta, sio wewe kwa kuangalia ipi ina boksi kubwa.

HATUA YA 2: Soma boksi

Chukua boksi la dawa yako sasa hivi. Lile jina kubwa la rangi ni jina la biashara, la kampuni. Chini yake au pembeni kuna herufi ndogo ndogo ambazo watu hawazisomi, hilo ndo jina la dawa yenyewe. Boksi linasema Glucophage, chini metformin. Linasema Norvasc, chini amlodipine. Lipitor, chini atorvastatin. Glivec, chini imatinib. Kampuni iliyogundua dawa inapewa hataza, kwa kawaida miaka 20 kuanzia siku ya kuomba, na muda huo hakuna mwingine anaruhusiwa kuitengeneza. Ikiisha, viwanda vingine vinaingia, na hawa hawana haja ya kurudia majaribio yote makubwa, wanatakiwa waonyeshe tu kwamba dawa yao inafika kwenye damu kwa kiwango kilekile. Hapo bei inaporomoka. Hizo ndo zinaitwa jeneriki, na dawa zote nne nilizotaja jeneriki zake zipo.

Kwa hiyo mwombe dokta aandike kwenye cheti jina la dawa yenyewe na miligramu zake, asiandike la kampuni. Halafu ukifika dirishani muulize mfamasia, "hii mnayo ya viwanda vingapi, nitajie zote". Ukiuliza "mnayo?" tu atakupa iliyo karibu na mkono wake.

Tahadhari moja hapa. Dawa za kifafa, warfarin ya kulainisha damu, levothyroxine ya tezi na tacrolimus ya waliopandikizwa kiungo, hizi tofauti ndogo tu ya kiwango kwenye damu inasumbua. Jeneriki yake inawezekana, ila dokta ajue, upimwe baada ya kubadilisha, na ukishapata ya kiwanda kimoja baki nacho, usiwe leo hiki kesho kile kwa sababu ya ofa.

Sindano za kisasa za baridi yabisi na saratani, zile adalimumab, rituximab, trastuzumab, hazina jeneriki za kawaida kwa sababu zinatengenezwa na chembe hai, ila zina mfano wake unaoitwa biosimila, na nyingi zinauzwa chini ya ile ya kwanza. Uliza kwa jina hilo hilo. Insulini nayo muulize dokta tofauti ya zile za kalamu za kisasa na zile za zamani za kichupa, maana mara nyingi za zamani zinashuka bei sana na zimebeba wagonjwa kwa miongo mingi. Lakini saa za kuchoma na za kula zinabadilika, ukijibadilishia mwenyewe sukari inaweza kushuka ukiwa usingizini, kwa hiyo hiyo ni ya kukaa na dokta chini.

Kukata vidonge. Najua watu wanafanya. Kuna dawa ambazo kidonge cha miligramu nyingi bei yake haipishani sana na cha miligramu nusu, kwa hiyo dokta anaweza kukuandikia kikubwa ukate katikati. Ila angalia herufi baada ya jina: SR, XR, ER, MR, CR, LA. Ukiziona hizo usikate wala usisage mpaka mfamasia akuruhusu kwa kidonge hicho hicho, manake zimetengenezwa zitoke polepole na ukikikata dozi ya siku nzima inaweza kumwagika kwa mkupuo. Kidonge kisicho na mstari katikati pia uliza kwanza.

Na vile vidonge vya mbili kwa moja, piga hesabu. Mara nyingine ukinunua mbili mbalimbali inashuka, mara nyingine kinyume chake. Hakuna kanuni, ni kalamu na karatasi tu. Kuchukua za miezi mitatu kwa pamoja nako kunaweza kupunguza bei ya kidonge, ila fanya hivyo kama dozi yako imeshatulia, sio unabadilishiwa leo unabaki na rundo la dawa za mwezi jana.

HATUA YA 3: Dawa yako iko kwenye orodha?

Shirika la Afya Duniani lilianza kutoa orodha ya dawa muhimu mwaka 1977 na linaihuisha kila baada ya miaka miwili. Nchi nyingi zinaiangalia hiyo zinatengeneza ya kwao, na hiyo ya kwenu ndo mara nyingi inaamua hospitali za serikali zinaweka nini stoo na bima inalipia nini. Orodha hizi ni za wazi, zipo mtandaoni, mfamasia wa hospitali ya umma anazo. Tafuta jina la dawa yako, lile dogo la kwenye boksi. Ikiwepo, una haki ya kuuliza kwa nini unaambiwa ukanunue nje. Isipokuwepo, rudi kwa dokta na swali jingine: "kwenye kundi hilo hilo la dawa, ipo ndugu yake iliyo kwenye orodha?" Kwa presha na kisukari mara nyingi ipo.

Dawa za VVU na za kifua kikuu nchi nyingi zinatolewa bure, sehemu kubwa kwa hela za Mfuko wa Dunia (Global Fund) ulioanza 2002 na wafadhili wengine. Ukiona unauziwa, uliza mara mbili kabla ya kulipa.

HATUA YA 4: Tengeneza faili, moja tu

Hii inaonekana ya kijinga ila ndo inayotofautisha anayesaidiwa na anayeambiwa "njoo wiki ijayo". Nunua faili la kawaida. Ndani weka fotokopi ya kitambulisho, cheti cha dawa cha karibuni, ripoti ya dokta yenye jina la ugonjwa na tangu lini, majibu ya vipimo, risiti za dawa za miezi mitatu minne, na uthibitisho wa kipato, iwe karatasi ya mshahara au barua ya serikali ya mtaa au ya mwajiri kwamba huna kazi. Piga picha kila karatasi uweke kwenye simu. Nyuma ya faili bandika karatasi tupu ya kuandika kila uliyeongea naye: tarehe, jina, cheo, amesema nini. Siku ukisema "tarehe 14 dada wa dirisha la pili aliniambia fomu imeshapita", watu wanakaa vizuri kwenye kiti.

Weka na barua fupi ya maombi, ukurasa mmoja, unabadilisha jina la juu tu. Watu wanaandika historia ya maisha mpaka msomaji anachoka kabla hajafika kwenye ombi. Mfano:

"Mimi ni mgonjwa wa kisukari tangu 2016. Natumia dawa mbili zilizo kwenye cheti nilichoambatanisha. Kipato changu kwa mwezi ni kiasi hiki, na dawa peke yake zinachukua kiasi hiki. Naomba kusaidiwa dawa moja kati ya hizo kwa miezi 6 wakati nasubiri majibu ya rufaa yangu ya bima. Dawa niliyonayo itaisha tarehe fulani."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo inasogeza faili lako juu ya mengine. Tarehe ya kuisha dawa iandike kila mahali.

HATUA YA 5: Bima ikikataa, usiondoke

Kama una bima, omba kwa maandishi orodha ya dawa wanazolipia na uulize mambo matatu: dawa yangu ipo? Inahitaji kibali kabla? Kuna ukomo kwa mwaka? Wengi wanakataliwa sio kwa sababu dawa hailipiwi bali kibali hakikuombwa, na anayetakiwa kukiomba ni upande wa hospitali, wewe kazi yako ni kukumbusha.

Ukikataliwa omba sababu kwa maandishi. Halafu rudi kwa dokta akuandikie barua ya kueleza kwa nini ni dawa hii na sio nyingine: ulishajaribu zipi, zikakufanyaje, ukiikosa nini kitatokea. Peleka rufaa ndani ya muda uliowekwa, na muda huo huwa umeandikwa kwenye barua ya kukataa, pale chini kwa maandishi madogo (haya maandishi madogo ndo yanatumaliza siku zote). Na kama ndo unajiunga na bima sasa hivi ukiwa tayari mgonjwa, uliza kipindi cha kusubiri ni miezi mingapi kwa ugonjwa uliokuwa nao kabla. Usifiche ugonjwa kwenye fomu, wakigundua wanaweza kukufutia kila kitu siku unayowahitaji.

HATUA YA 6: Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini

Hospitali kubwa nyingi zina mtu wa ustawi wa jamii, na wagonjwa wengi hawajui hata mlango wake uko wapi. Huyu ndo anayejua msamaha wa malipo unaombwaje, mfuko gani una hela mwaka huu, ni shirika gani lilileta dawa wiki iliyopita. Nenda asubuhi, siku ambayo sio ya kliniki kubwa, ukiwa na faili lako. Swali la kumuuliza ni hili: "Mgonjwa wa mwisho mwenye ugonjwa kama wangu uliyemsaidia, alipitia wapi?" Ukiuliza kuna msaada gani utajibiwa kwa ujumla jumla, ukiuliza hivyo anakumbuka mtu na anakumbuka njia.

HATUA YA 7: Kampuni za dawa na mashirika ya ugonjwa wako

Kampuni nyingi kubwa zina mipango ya kutoa dawa bure au kwa bei ya chini kwa asiye na uwezo, hasa zile dawa mpya ambazo hazina jeneriki. Tafuta kwenye tovuti ya kampuni iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi dokta ndo anajaza sehemu ya fomu na dawa inakuja kwa jina lake au kupitia hospitali, kwa hiyo usipoteze muda kuwatumia ujumbe wa huruma kwenye mitandao, mpelekee dokta fomu ikiwa imeshajazwa upande wako ili yeye asaini tu.

Kuna pia mipango ya kimataifa ya ugonjwa mmoja mmoja. The Max Foundation inasaidia wagonjwa wa saratani ya damu aina ya CML kupata dawa za kundi la imatinib. Life for a Child, tangu 2000, na Changing Diabetes in Children, tangu 2009, zinapeleka insulini na vifaa kwa watoto na vijana wenye kisukari aina ya kwanza. Shirikisho la kimataifa la hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, lina mpango wa kutoa dawa za kugandisha damu tangu 1996. Karibu zote zinafanya kazi kupitia kliniki zilizochaguliwa, hazikutumii dawa nyumbani, so swali la kuuliza ni kliniki gani karibu na wewe imeunganishwa. Hata kama ni mbali, kwenda mara moja kila miezi mitatu kunaweza kuwa nafuu kuliko kununua.

Chama cha wagonjwa wa ugonjwa wako jiunge hata kama huna hela ya ada, waambie. Habari ya dawa kufika wao wanakuwa nayo kabla ya tangazo.

Majaribio ya dawa ya kitafiti ni njia nyingine, dawa inayojaribiwa kwa kawaida inatolewa bure. Ila kabla hujasaini uliza: naweza kuwa kwenye kundi lisilopewa dawa mpya? Na jaribio likiisha nitaendelea kuipata? Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha kwanza 1964 na wakaendelea kulirekebisha, linataka suala hilo la baada ya jaribio lipangwe mapema na mshiriki aambiwe. Wakikujibu "tutaona", jua jibu.

HATUA YA 8: Sasa ndo ndugu na marafiki

Ukifika hapa bili yako imeshapungua, na unachoomba kina umbo. Usiombe "msaada wa matibabu". Gawanya dawa ya mwezi kwa siku 30, tafuta watu kumi, kila mmoja abebe siku tatu kwa miezi sita. Mtu anaona "siku zangu tatu" anaweza, akiona bili nzima anazima data. Hela iende moja kwa moja kwa muuza dawa ikiwezekana, risiti uirushe kwenye grupu siku hiyo hiyo. Mmoja asiye mgonjwa ndo akumbushe watu, usiwe wewe, utachoka na watakukwepa.

Mikopo ya kwenye simu kwa dawa ya kila mwezi mimi naikataa kabisa. Mwezi ujao utadaiwa mkopo na dawa pia.

Wa kukwepa

Anayekutaka utoe ada kwanza ili upewe dawa ya msaada ni tapeli, hata awe na nembo gani. Anayekuuzia nusu bei bila boksi, au vidonge kwenye kimfuko, achana naye: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati karibu dawa 1 kati ya 10 iko chini ya kiwango au ni feki. Na dawa za jirani aliyefariki msizichukue kimya kimya, mpelekeeni mfamasia aangalie kwanza. Nimeona insulini iliyokaa dirishani wiki nzima ikigawiwa kama zawadi, wakati chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8.

Kitu cha mwisho ni kalenda. Misaada mingi inaisha kimya kimya baada ya mwaka au miezi sita na lazima uombe upya, kwa hiyo weka alamu miezi miwili kabla. Vidonge navyo mama anavihesabu kila Jumapili jioni anaviweka kwenye kitambaa mezani, vikibaki vya siku 14 ananipigia, hata hasalimii, anasema tu "kumi na nne", na mimi natoa faili.